Watoto 118, mwalimu mmoja, darasa la kwanza: unaanzaje?

Kila Januari napata meseji za walimu wapya. Mtu kapangiwa kijijini, kafika, kapewa boksi la chaki na kuambiwa madam wewe utashika darasa la kwanza. Anaingia anakuta watoto mia na kitu, watano kwenye dawati la watatu, wengine chini, wanamshikamoo kwa pamoja hadi bati linatetemeka, halafu jioni ananiandikia, "dada naanzia wapi?" Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 45, sawa tunaujua, ila tangu elimu bila malipo ianze 2016 mimi huku Kanda ya Ziwa huo uwiano sijauona kwa macho yangu, kwa hiyo naandikia darasa lililopo, sio lile la kwenye notsi za chuo.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo karibu kila mtu analifanya. Nilifungua kitabu ukurasa wa kwanza, nikaandika a e i o u ubaoni, nikapiga na fimbo herufi moja moja, darasa zima likaimba, nikatoka nimefurahi. Ba be bi bo bu, wakaimba. Ma me mi mo mu, wakaimba. Mwezi wa nne nikanyoosha fimbo kwenye "mo" bila kuanzia "ma", kimyaaa. Kuna waliokuwa wanasoma kweli, kama 20 hivi, waliobaki walikuwa kwaya. Tangu hapo nimeacha kufundisha darasa, nafundisha watoto kulingana na kila mmoja alipofikia, na hata ukiwa na 118 inawezekana, ntakuonyesha.

HATUA YA 1: Wiki mbili za mwanzo kitabu kiache mezani

Najua azimio la kazi linakudai, mwalimu mkuu anataka andalio la somo. Liandike, ila wiki hizi mbili kazi yako ni kujenga mazoea. Mtoto wa miaka sita hajui shule ni kitu gani. Hajui kwamba ukitaka kukojoa unaomba ruhusa, hajui penseli ya jirani sio yake, na kukaa ametulia nusu saa kwa umri wake hawezi, sio utundu, mwili wenyewe haujafika huko. Kwa hiyo hesabia dakika 10 au 15 kwa kazi moja halafu wasimame, waruke, waimbe, wakae tena.

Fundisha ishara kama unavyofundisha somo. Mimi nina ya makofi, nikipiga pa-pa, papapa, wao wanarudia na mikono inaenda kichwani, mdomo unafungwa. Siku ya kwanza utarudia mara 30 na utajiona kichaa. Wiki ya pili hutohitaji kupaza sauti, na koo lako litanishukuru kufika mwezi wa sita.

Halafu majina. Kata maboksi, andika jina la kila mtoto kwa herufi kubwa zinazosomeka, toboa tundu, pitisha kamba, wavae shingoni. Kila asubuhi kadi zinamwagwa kwenye mkeka na kila mtu anatafuta yake. Wiki ya kwanza ni vurugu tupu, ila hilo ndo neno la kwanza mtoto anajifunza kulisoma maishani na analipenda kwa sababu ni yeye.

HATUA YA 2: Pima mtoto mmoja mmoja, dakika tatu

Hapa ndo watu wananiambia haiwezekani. Piga hesabu. Watoto 15 kwa siku mara dakika tatu ni dakika 45. Siku nane umemaliza 120. Wengine wanafanya nini? Wanachora chini kwa vijiti, wanapanga vizibo vya soda, wanafinyanga udongo. Omba mtoto wa darasa la saba akae nao, au mzazi mmoja wa kamati.

Karatasi yako iwe na vitu vinne, juu herufi na silabi kama kumi ZILIZOCHANGANYWA, mo, ka, si, tu, usizipange kwa wimbo. Chini yake maneno matano mafupi, kisha sentensi mbili, mwisho hadithi ya mistari minne au mitano. Mtoto anaanza juu anashuka, akikwama unaishia hapo, unamsifia, unaandika kwenye kaunta buku alipoishia. Hakuna maksi. Unaandika tu "herufi bado", "silabi", "maneno", "anasoma".

Jihadhari na mtoto aliyekariri. Kuna mmoja alinisomea ukurasa mzima wa kitabu cha kaka yake huku anaangalia dirishani. Ndo maana karatasi iwe yako mwenyewe umeiandika kwa mkono.

Kwenye hesabu mpe vizibo ahesabu 20, halafu umwambie nipe 7. Kuhesabu kwa mdomo na kutoa 7 ni vitu viwili tofauti, wengi watakwenda mpaka 50 kwa kuimba ila ukisema nipe saba wanakumwagia vyote. Kisha fanya lile jaribio la Piaget, yule Mswisi tuliyemkariri chuoni bila kujua ana kazi gani. Panga mistari miwili ya vizibo sita sita, sawa kwa sawa, muulize ipi ina vingi, atasema sawa. Tanua mstari mmoja mbele ya macho yake, uliza tena. Watoto wengi wa miaka mitano sita watakwambia huo mrefu una vingi. Sio mjinga huyo, ubongo wake bado unahesabu kwa macho, na ukimkimbiza kwenye 8 - 3 = ya ubaoni ataandika chochote akuridhishe. Huyo anahitaji vizibo mkononi miezi kadhaa tena.

Mwaka mmoja nilipomaliza kupima watoto wangu 118 nilipata hivi: 61 hawajui herufi hata moja, 30 wana silabi silabi, 19 wanasoma maneno, na 8 wanasoma kabisa maana walipita chekechea ya mjini. Sasa niambie, kwa darasa kama hilo ile a e i o u ya ubaoni unamfundisha nani? Wale 8 wanasinzia, wale 61 wanaimba.

HATUA YA 3: Gawa, na ugawe tena

Makundi yanakwenda kwa alichojua, sio kwa umri wala kwa safu za madawati. Wahindi wa shirika la Pratham wamefanya hivi miaka mingi na watoto wa madarasa ya juu, kanuni yao ni hiyo hiyo ya kumfundisha mtoto pale alipo. Majina ya makundi usiweke ya sifa, usiseme "wepesi" na "wazito", watoto wanaelewa haraka sana. Mimi natumia miti: mwembe, mpapai, mkorosho, mparachichi. Wale 61 ni wengi mno kwa kundi moja, niliwakata vitatu, ishirini ishirini.

Ratiba inakuwa hivi. Kundi moja liko na wewe dakika 20, mbele ya ubao au chini ya mti. Mengine yana kazi ambayo yanaifanya bila wewe kuwepo: kutafuta vizibo vyenye silabi (unaandika silabi ndani ya kizibo kwa maka peni, mamia ya vizibo, ombeni dukani na kwenye mabaa, msione aibu), kuandika kwenye mchanga, kuchora, kufunga vijiti kumi kumi. Wale wanaosoma kabisa wape hadithi za kusomeana wawili wawili.

Na wale waliovuka juzi ndo wasaidizi wako wazuri kuliko wale bingwa. Bingwa anatoa jibu tu, aliyevuka juzi bado anakumbuka alikwama wapi. Mrusi Vygotsky, aliyefariki 1934 akiwa na miaka 37 tu, ndo aliyesema kuna kitu mtoto anaweza peke yake na kuna kitu anaweza akishikwa mkono, na kujifunza kunatokea hapo katikati. Kwa hiyo kazi unayompa mtoto iwe ile ambayo peke yake hawezi ila na mwenzake anaweza.

Kila baada ya wiki mbili pima tena haraka na uhamishe watu. Ukiacha kuhamisha, makundi yanageuka kuwa kifungo, na hapo ni bora usingegawa kabisa.

HATUA YA 4: Wale wa chini kabisa wafundishe kwa masikio kwanza

Hapa nitakaa kidogo maana ndo moyo wa kazi.

Kabla ya herufi mtoto asikie kwamba neno lina vipande. Piga makofi: ki-a-zi, makofi matatu. Nda-la, mawili. Majina yao pia, wanafurahi kweli. Uliza "neno gani linaanza kama mama?" Maji, mayai, maembe. Bila chaki hata kidogo, siku tatu nne.

Halafu sauti. Sema sauti ya herufi, sio jina lake. Ukimwambia mtoto hii ni "em" na hii ni "a" atasoma "ema", mwache aseme mmmm halafu aaaa, avute mpaka zikutane, ma. Anza na zinazovutika kama m, s, l, kabla ya k na t ambazo zinakatika. Kiswahili kimetupa zawadi, kinaandikwa kinavyotamkwa na silabi zake karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo ukiwa na ma, la, ka, mu tu tayari una mama, lala, kaka, kama, kalamu. Siku mtoto anasoma "kalamu" na anaiona mkononi mwake, uso unabadilika, hiyo siku ndo mshahara wenyewe.

Kila kipindi mtiririko ni ule ule: wasikie, waone, waseme, watafute kwenye vizibo, waandike hewani kwa kidole, kisha mchangani, mwisho kwenye daftari. Mkono wa miaka sita bado laini, mifupa ya kiganja haijakomaa, ukimlazimisha mistari mitatu ya herufi ndogo ndogo anakamata penseli kama jembe. Anayetumia mkono wa kushoto mwache, msogezee tu akae mwisho wa dawati upande wa kushoto wasigongane viwiko.

Sehemu za kunasa ni hizi. Ya kwanza ni m inayosimama peke yake, m-tu, m-to-to, watoto wanasoma "mutu" kwa sababu wamezoea kila silabi ina irabu. Wapigishe makofi. "Mbuzi" ni mbu-zi, lakini "mbu" ni m-bu, makofi mawili, nilibishana na mwalimu mwenzangu siku nzima hadi tukaliimba. Ya pili ni ng na ng', ngoma na ng'ombe. Huku usukumani hii ni rahisi, watoto wamezaliwa nayo, ng' iko kila mahali kwenye lugha yao, tatizo ni kukumbuka ile alama juu. Ya tatu ni b na d. Mwambie b ni fimbo kwanza halafu tumbo, d ni tumbo kwanza halafu fimbo. Mtoto wa miaka sita saba kuzigeuza ni kawaida, usimwandikie mzazi barua. Ila kama yuko darasa la tatu, anaongea vizuri, anahesabu vizuri, na bado herufi zinamkimbia baada ya kufundishwa kweli kweli, huyo muangalie kwa jicho la pili, inaweza kuwa disleksia, yaani ugumu wa kusoma ambao hautokani na uvivu wala ujinga.

HATUA YA 5: Lugha ya nyumbani sio adui

Mtoto anaweza kufika shule Kiswahili anakisikia kwenye redio tu. Ukimuuliza kitu anakaa kimya unadhani hajui, kumbe hajakuelewa. Mimi wiki ya kwanza nawasalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka", wanacheka, wanafunguka. Maelekezo natoa kwa Kiswahili na vitendo, nikiona macho yamekauka nasema neno moja kwa Kisukuma au namwomba mtoto anayejua zote mbili atafsiri. Usimchape mtoto kwa lugha ya mama yake.

R na l zitakutesa. Mtoto ambaye lugha yake haitofautishi hizi mbili haoni kosa lolote akisema "lafiki". Usimsahihishe katikati ya sentensi, unamkata mori. Mpe jozi achezee, kalamu na karamu, mahali na mahari, picha mbili anyooshe unayotaja. Sikio likishika, ulimi unafuata taratibu, na kama haujafuata anaweza kusoma vizuri tu na lafudhi yake, mbona sisi wote tunayo.

HATUA YA 6: Anayeitwa mzito, kwanza angalia macho na masikio

Kabla hujasema mtoto haelewi, hakikisha anasikia na anaona. Simama nyuma yake, taja jina kwa sauti ya kawaida wakati darasa limetulia, fanya mara mbili tatu siku tofauti. Anayegeuza sikio moja, anayeangalia mdomo wako, anayesubiri wenzake waanze ndo afuate, anayetoka usaha sikioni, huyo mlete mbele, ongea ukimtazama, usifundishe huku umegeukia ubao, na mwambie mzazi ampeleke kituo cha afya. Usaha wa sikio unatibika, nimeona mtoto aliyeitwa bubu mwaka mzima anaanza kujibu baada ya dawa.

Macho pia, mkalishe nyuma anakili neno la ubaoni. Anayekunja macho au anakili kutoka kwa jirani, sogeza mbele. Mtoto mwenye ualbino karibu kila mara uoni wake ni hafifu na mwanga unamuumiza, macho yake yanaweza kuwa yanachezacheza, kwa hiyo akae mbele lakini mbali na dirisha, aruhusiwe kunyanyuka kusogelea ubao, umwandikie kwa herufi kubwa nyeusi, na kofia avae hata kama sare hairuhusu. Paredi ya juani asisimamishwe.

Kifafa, kila mwalimu ajue: sogeza madawati, mlaze ubavu, weka sweta chini ya kichwa, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimbane, angalia saa, ikizidi dakika tano hospitali. Mate yake hayaambukizi, waambie na watoto.

Kigugumizi, subiri amalize, usimmalizie. Mtoto asiyetulia kabisa mpe kazi, ndo wa kugawa vizibo na kufuta ubao. Mwenye usonji unaweza kukuta ile kwaya ya mia moja inamuumiza masikio, mtafutie kona na mwambie mapema nini kinafuata. Mtoto wa miaka tisa kumi aliyetoka kuchunga usimkalishe na wadogo kama mwenzao, mpe usimamizi wa kitu, anajua kuhesabu ng'ombe 40 kwa kuwatupia jicho, anzia hapo hesabu zake. Na anayelala saa nne asubuhi muulize amekula nini jana. Uji wa shule ni suala la kikao cha wazazi, lipeleke huko bila haya.

Kwa hali inayokuzidi, uliza afisa elimu kata shule ipi ya karibu ina kitengo cha elimu maalumu. Walimu waliopita Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kule Arusha, wamesomea haya, mmoja akikutembelea siku moja atakuonyesha vitu ambavyo mimi siwezi kuviandika hapa.

HATUA YA 7: Viboko na wazazi

Kwenye viboko nina machache. Kanuni zinasema mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na visizidi vinne, na hakuna kanuni hata moja inayosema mtoto achapwe kwa kutojua "mbwa". Mtoto anayeogopa hasomi, anakisia.

Wazazi ndo hazina tunayoiacha. Wengi watakwambia "mwalimu mimi sijasoma". Mwambie mama yeyote, kila jioni mpe mtoto kitu chenye maandishi akusomee, pakti ya chumvi, mfuko wa sukari, kanga uliyovaa. Kanga ni kitabu kipo kila nyumba, ila kumbuka maandishi yake ni herufi kubwa na sisi shule tunaanza na ndogo, kwa hiyo ukifika mwezi wa tano weka chati ya kubwa na ndogo ubavu kwa ubavu. Kuna mtoto alikuja ananiuliza maana ya maneno ya kanga ya bibi yake, nikashindwa kumjibu mbele ya darasa, sitayaandika na hapa.

Wathibiti ubora, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi, wakija, watataka andalio, shajara na azimio. Viwe tayari. Kisha waonyeshe kaunta buku, ukurasa mmoja kila mtoto, tarehe na alipofikia. Mimi hadi leo hakuna aliyeiona akaniuliza kwa nini niko nyuma ya kitabu.

Novemba hiyo kaunta buku usiende nayo nyumbani. Mpe atakayewapokea darasa la pili, kaa naye saa mbili, mpitishe jina kwa jina, huyu sikio la kulia, huyu anahamia kwa shangazi, huyu ng' bado, maana ule upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la pili yeye ndo atakaowafanyisha na Januari hana muda wa kuanza kuwagundua upya.